Mwajiri, SACCOS, kikoba au simu: shida ikija, mfanyakazi wa kipato cha chini ashike wapi?

Tuchukue mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, kiwandani Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 30,000. Kodi ya mshahara haikugusi, kwa sababu kinachobaki baada ya NSSF ni 270,000 na kodi huanza juu ya hapo. Kama mwajiri amekuandikisha NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, asilimia 3 nyingine inaondoka, 9,000. Mkononi unabaki na 261,000, na humo kuna kodi ya chumba, nauli ya kwenda na kurudi, mchele, mkaa na ada ya mtoto.

Sikuchagua kiasi hicho kwa kubahatisha. Amri mpya ya kima cha chini kwa sekta binafsi, iliyoanza 1 Januari 2026, ilipandisha wastani kutoka 275,060 hadi 358,322. Lakini wastani ni wastani. Kila sekta ina kiwango chake, na wapo wengi walio chini ya huo wastani, dada wa kazi akiwa wa kwanza.

Kwa mshahara wa namna hii hakuna akiba ya kutosha kubeba pigo kubwa, kwa hiyo kila mtu ana sehemu ya kuegemea: mwajiri, SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), kikoba cha mtaani au mkopo wa simu. Wengi huzilinganisha sehemu hizo kwa riba peke yake: huku asilimia ngapi, kule asilimia ngapi. Mimi naona riba ni swali la pili. La kwanza ni msaada unafika lini, unabeba shida kubwa kiasi gani, na kazi ikiisha unabaki nao au unaondoka na kitambulisho cha kazi. Kwa hiyo nitazipanga kwa shida, maana hakuna sehemu hata moja inayofaa shida zote.

Mtoto amezidiwa saa nane usiku

Hapa kadi ya bima haina mpinzani. NHIF ya mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, mwajiri akibeba nusu, na inamhudumia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne. Huhitaji kumpigia mtu simu. Tahadhari ni moja: usidhani kila hospitali inaipokea. Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano juu ya kitita kipya cha bei, na watu wakarudishwa getini na kadi zao mkononi. Jua mapema kituo kinachoipokea kadi yako karibu na unapoishi, usisubiri usiku huo.

Kwa asiyeajiriwa rasmi, mikoani wengi walitegemea CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imebadilisha mpangilio huo. Kama bado unaishi kwa kukumbuka kadi ya zamani, pita ofisi ya kata au kituo cha afya uulize uandikishwe wapi.

Usipokuwa na bima, anayefuata ni kikoba. Kwa wasiokifahamu kwa ndani: watu kati ya 15 na 30 wanakutana kila wiki, mara nyingi Jumapili mchana kwenye baraza la mmoja wao. Kila mtu ananunua hisa, moja hadi tano, kwa bei mliyokubaliana, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu chako kidogo. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote na kuingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti na sanduku analala nalo mtu wa nne. Pembeni kuna mfuko wa jamii, kila mtu anaweka 1,000 au 2,000 kwa kikao, na humo ndimo hutoka msaada wa ugonjwa na msiba, bila riba.

Sasa, sanduku la kufuli tatu halifunguki saa nane usiku. Kinachotokea ni kwamba mwenyekiti anaamka, anaandika kwenye kundi la WhatsApp, na wawili watatu wanakutumia chochote kwenye simu; Jumapili mfuko wa jamii unawarudishia. Haijaandikwa kwenye katiba ya kikundi, lakini ndivyo vikoba vingi vinavyoishi. Kiasi kitakuwa kidogo, labda 30,000 au 50,000. Kinatosha bodaboda, kumuona daktari na dawa za kwanza. Upasuaji hakitoshi.

Advansi ya mwajiri, yaani kupewa sehemu ya mshahara kabla ya tarehe yake, hapa haisaidii, maana ofisi ya uhasibu inafunguliwa Jumatatu.

Mkopo wa simu unafika kwa dakika mbili, na hilo ndilo linaloufanya uwe hatari. Tuseme umekopa 50,000 kwa ada ya asilimia 10 kwa mwezi. Kurudisha 55,000 mwisho wa mwezi si maafa. Maafa ni mwezi wa pili, unapokopa tena ili ulipe ule wa kwanza, na wa tatu ukakopa kwingine. Mkopo wa mtandao wako wa simu una ukomo na masharti yanayosomeka. Zile programu za mkopo unazozipakua mwenyewe ni habari nyingine: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na kuyapiga marufuku. Nyingi zilikuwa zinaomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako, ukichelewa wanampigia bosi, shemeji na mama mkwe. Programu ikiomba hiyo ruhusa, ifute kabla hujajaza jina.

Mashine imekukata kidole

Hapa kikoba, SACCOS na simu zote zikae pembeni. Ajali ya kazini ni kazi ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na ni ajabu jinsi ulivyo msaada mkubwa kuliko yote na unaojulikana kidogo kuliko yote. Sababu nadhani ni kwamba hauonekani kwenye hati ya mshahara. Mwajiri ndiye anayechangia, asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Kitu usichokatwa hukikumbuki.

WCF inalipa matibabu. Inalipa asilimia 70 ya kipato chako unapokuwa huwezi kufanya kazi kwa muda, hadi miezi 24. Ukipata ulemavu wa kudumu kuna fidia yake, na mfanyakazi akifariki wategemezi wanalipwa. Linganisha na mfuko wa jamii wa kikoba wenye 200,000 ndani, halafu fikiria kijana wa miaka 24 aliyepoteza vidole vitatu.

Tatizo liko kwenye njia ya kuufikia. Taarifa inatakiwa itolewe na mwajiri, na wapo wasimamizi ambao damu haijakauka wanakuita pembeni: "Tumalizane wenyewe, usiende mbali." Wanakupa 100,000, bandeji na wiki moja ya kupumzika. Ukiwa na mshahara wa 300,000, hiyo laki moja inaonekana nyingi. Usiipokee kama mwisho wa jambo. Hakikisha tukio limeandikwa siku hiyohiyo, tunza karatasi ya hospitali yenye tarehe, chukua namba za waliokuwa zamu na wewe, na kama mwajiri anasuasua, nenda WCF mwenyewe. Kuna miezi 12 tangu ajali ya kuwasilisha dai, na miezi 12 inakwisha haraka kwa mtu anayeahidiwa kila wiki.

Ugonjwa wa kawaida una haki nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unatakiwa uwe na cheti cha daktari. Hizi siku ni msaada wa fedha kabisa, ingawa hakuna anayeziita hivyo. Mtu mwenye kifua kikuu anayerudi kiwandani kwa kuogopa kufukuzwa anajiumiza bure, na wenzake pia.

Ada, na kodi ya miezi sita

Hizi ni shida zenye tarehe. Mwenye nyumba wa Dar anataka miezi sita kwa mkupuo, na shule inafunguliwa Januari kila mwaka. Hapa kasi haina maana na riba ndiyo inayoamua, basi tupige hesabu ya mkopo wa 400,000.

SACCOS ya kazini, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye deni linalopungua, miezi 12: utalipa riba ya 39,000 kwa jumla.

Kikoba kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu: 60,000. Kinachotoza asilimia 10: 120,000. Inaonekana ghali kuliko SACCOS, na ni ghali kweli, ila kumbuka riba ya kikoba inarudi kwa wanachama. Siku ya kuvunja, mwisho wa mzunguko, faida inagawanywa kwa hisa na wewe mkopaji ni mmoja wa wenye hisa. Anayeweka hisa nyingi na kukopa kidogo anatoka na faida nzuri. Anayeweka kidogo na kukopa kila mara ndiye anayewalipia wenzake Krismasi.

Kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kubwa: wapo wanaotoza asilimia 30 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu hiyo ni 360,000 juu ya 400,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Kwa hiyo anayekutajia 30 ama hana leseni ama anavunja masharti ya leseni. Ukimuona ameshika kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana, ondoka.

Kwa nini basi watu wasijazane SACCOS? Kwa sababu SACCOS inataka uwe umejiandaa. Kwa kawaida inakopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na wadhamini juu yake. Ili upate 400,000 lazima uwe na akiba ya kama 134,000; ukiweka 15,000 kwa mwezi ni miezi tisa. Anayejiunga Oktoba akitaka ada ya Januari ataambiwa asubiri, atakasirika, ataishia kwa kausha damu na kusema SACCOS ni ya wenye nazo.

Mchezo, au upatu, una nafasi yake hapa pia. Watu kumi, 40,000 kila mwezi, kila mmoja anapokea 400,000 kwa zamu. Hakuna riba, hakuna kitabu, na ukipanga zamu yako iangukie Desemba umemaliza ada. Udhaifu wake ni mtu aliyepokea mwezi wa pili akahama. Cheza na watu ambao unajua kwao, na ukisikia "upatu" unaoahidi kuzidisha fedha kwa kuleta wengine, huo si upatu wa kina mama wa mtaani. Waliopoteza fedha kwenye DECI, mpango wa namna hiyo uliozimwa na serikali 2009, hawahitaji kuelezwa.

Advansi ya mwajiri haina riba, na kwa kiasi kidogo ndiyo nafuu kuliko zote. Ila inakula mshahara wa mwezi ujao, na inampa msimamizi kitu cha kukushikia. Kwenye kampuni yenye utaratibu ulioandikwa (mtu yeyote, tarehe 15, hadi theluthi ya mshahara) ningeitumia bila wasiwasi. Pale inapotolewa kwa kupendwa na bosi, ningekopa kikoba nilipe riba yangu nibaki na mdomo wangu.

Kazi imeisha

Sehemu hii ndiyo inayochuja. Bima iliyopitia kwa mwajiri inasimama. SACCOS ya kazini inafunga hesabu: akiba yako inalipa deni lako kwanza, unapewa kilichobaki. Advansi inakatwa kwenye malipo ya mwisho. Kikoba cha mtaani hakijui kama umefukuzwa, kinajua tu kama umekuja Jumapili. Kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu aweke kila shilingi kwenye vitu vya kazini, hata vikiwa vizuri namna gani.

Upande wa sheria una mambo yake. NSSF ina fao la upotevu wa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwenye mfano wetu ni kama 100,000 kwa mwezi. Wafanyakazi wengi bado wana kinyongo, wanakumbuka enzi za fao la kujitoa ambapo ukiacha kazi unachukua mchango wako wote unaanza biashara. Nawaelewa. Lakini kwa suala la kuvuka miezi sita bila kuuza godoro, laki moja ya kila mwezi inasaidia zaidi kuliko inavyosemwa vijiweni.

Mwenye mwaka mmoja au zaidi aliyeachishwa na mwajiri, na si kwa utovu wa nidhamu, ana kiinua mgongo, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi, na kama analipwa kwa mwezi, notisi ya siku 28. Ukiona umeachishwa bila haki, lalamiko linapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Tazama hizo siku vizuri. Wengi hukaa mwezi mzima wakimbembeleza bosi, na wanapofika CMA mlango umeshafungwa. Hapa chama cha wafanyakazi kinalipa ada yake: TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa hoteli na majumbani. Tawi lenye mwenyekiti anayejua sheria lina thamani kuliko mfuko wowote niliotaja. Tawi lililolala ni makato tu.

Vibarua nao wasijitoe kwenye haya yote. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kama amemfanyia kazi mtu huyohuyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. "Wewe ni wa kutwa tu" si jibu kwa mtu anayeingia getini siku sita kwa wiki. Hata hivyo, anayelipwa mkononi kila jioni asijenge maisha juu ya kesi. Kwake kikoba kiwe cha kwanza, bima ya kaya ya pili, na mengine baadaye.

Kama ni mimi na 30,000 ya ziada

Tuseme umekuna kichwa ukapata 30,000 ya kuweka kila mwezi. Mwenye mkataba na bima: 15,000 SACCOS, 12,000 kikoba, 3,000 zibaki kwenye simu kama nauli ya dharura. Asiye na bima: bima ya kaya kwanza hadi itimie, hata kama kikoba kitalalamika kwamba hununui hisa, halafu ndiyo ugawanye. Mwenye deni la kausha damu: kila kitu kiende huko mpaka liishe, isipokuwa mfuko wa jamii. Huo usiuache.

Kikoba chenyewe kikague kabla ya kujiunga. Je, kimesajiliwa? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na usajili unapitia halmashauri. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, au mweka hazina anasoma tu jumla? Mwenyekiti mwenyewe anadaiwa kiasi gani? Hilo la mwisho uliza kwa upole, lakini uliza.

Na ukipewa kazi mbili uchague

Watu huniuliza hili mara nyingi kuliko la mikopo. Kiwanda cha kwanza kinatoa 320,000 mkononi, hakuna NSSF, hakuna bima, "hatukati chochote". Cha pili kinatoa 290,000 na kila kitu kiko rasmi. Kwenye cha pili unakatwa 29,000 za NSSF na 8,700 za bima, unabaki na 252,300. Tofauti ya mkononi ni 67,700 kwa mwezi, na kwa mwenye watoto wawili hiyo si fedha ya kudharau. Ila mwajiri wa pili anaongeza 29,000 na 8,700 zake. Jumla 58,000 inaingia NSSF kwa jina lako kila mwezi, 17,400 inalipia bima ya watu sita, na WCF iko nyuma ya mashine unayosimamia.

Kijana asiye na familia, kwenye kazi ya kuuza duka, kwa miezi mitano huku akitafuta kingine: sitamlaumu akichukua 320,000. Mwenye mtoto, au kazi yenye mashine, umeme, kemikali au gari, achukue ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kisha asiamini maneno. Siku ya kwanza aombe namba yake ya uanachama wa NSSF na nakala ya mkataba. Mwezi wa tatu aangalie taarifa ya michango yake, kwa simu au ofisini kwao. Kukatwa na kuwasilishwa ni vitu viwili, na wapo waajiri wanaofanya cha kwanza wakasahau cha pili. Kama miezi miwili haionekani, aongozane na wenzake kwa msimamizi, kisha NSSF, ambayo ina wakaguzi wa kazi hiyohiyo. Wakienda watu kumi, inakuwa vigumu kumtafuta mmoja wa kumfukuza.